Matunguu ya Chini ya Masaba

Baina ya kiangazi kinachokwisha mwezi wa Februari na mvua za kwanza zinazoteremka kutoka Mlima Elgon, ambao watu wa Bungoma huuita Masaba, kuna majuma machache ambayo msafiri wa barabara ya Webuye na Kitale huweza kuyapita asione kitu ila vumbi, mabua ya mahindi ya mwaka uliopita, na moshi wa wakulima wanaosafisha makonde yao. Lakini katika majuma hayo hayo, chini ya vivuli vya miti, penye majabali, na juu ya vichuguu ambavyo jembe limevikwepa, ardhi hupasuka ufa mwembamba, na katika ufa ule hutokeza bua nene lisilo na jani, lenye madoa ya zambarau upande wa chini. Na siku chache baadaye kichwa cha bua hilo hufunguka kikawa tufe jekundu la vijiua vinavyoweza kufikia 200, kila kimoja kimenyoosha nyuzi zake nje, hata mtu akitazama kwa mbali hudhani kuwa ni kaa la moto lililosahauliwa majanini. Wanabotania huliita ua hilo Scadoxus multiflorus. Limeenea sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara, na kwa sababu ya kuenea huko watu wengi hulidharau, kwani binadamu ana tabia ya kukitukuza kilicho adimu na kukipita kilicho mlangoni pake.

Huko Ulaya kuna ua jingine la tunguu, dogo, jeupe, lenye kuinamisha kichwa, ambalo hutokeza mwisho wa majira ya baridi wakati theluji ingali juu ya nchi. Linnaeus aliliandika mwaka 1753 kwa jina la Galanthus nivalis. Jinsi zake za asili hazizidi sana 20, nazo hutoka milima ya Pyrenees upande wa magharibi hata Kaukazi na Uajemi upande wa mashariki. Ama aina zilizozalishwa au kuokotwa mabustanini na kupewa majina, hizo zimekwisha kupita 2,000, na tofauti ya aina na aina aghalabu ni doa la kijani lililo ndani ya ua, ama umbo la doa hilo, ama rangi ya manjano iliyokaa mahali ambapo pengine pote pana kijani. Wapo watu huko waliotumia umri wao katika kuzikusanya. Henry John Elwes aliona karibu na Izmir, Uturuki, mwaka 1874, aina yenye majani mapana ambayo imechukua jina lake, na bustani ya nyumba yake ya Colesbourne, Uingereza, ingali mashuhuri kwa maua hayo; na Edward Augustus Bowles, aliyefariki mwaka 1954, alifanya bustani yake ya Myddelton House kuwa madrasa ya kila mwenye shauku hiyo. Mwaka 2022 tunguu moja tu, la aina iitwayo Golden Tears, liliuzwa katika mnada wa intaneti kwa pauni 1,850.

Msomaji wa Kimilili au Kiminini, ambaye kwa fedha hizo angenunua ng'ombe wa gredi, ana haki ya kushangaa. Mimi pia hustaajabia bei hiyo, lakini siwacheki wale wanaoilipa, kwa maana najua kilichowafikisha pale. Mtu anayepiga magoti katika matope ya baridi, akaliinua kwa kidole ua lisilozidi ukubwa wa ukucha ili atazame doa lililo ndani yake, amekwisha kuyafunza macho yake kazi ambayo macho ya wengi wetu hayajapata kufunzwa: kazi ya kuona kwamba vitu viwili vinavyofanana si kitu kimoja. Mapenzi ya jinsi moja ya ua, yakidumu, humtoa mtu katika kusema "maua" kwa jumla na kumfikisha katika kusema "ua hili, la mahali hapa, lisilo sawa na lile". Huo ndio utajiri wa mkusanyaji, na bei ya mnada ni kivuli chake tu.

Galanthus haliwezi kustawi Kitale. Mji huu umekaa kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake, ingawa humtia mtu wa Mombasa baridi ya mifupa, hautoi ule muda mrefu wa ubaridi mkali ambao tunguu la Ulaya hulihitaji ili lizinduke. Na Bungoma, iliyo chini zaidi na yenye joto zaidi, haifai hata kujaribiwa. Kwa hiyo mtu wa huku aliyeshikwa na shauku ya matunguu hana budi kuielekeza shauku yake kwenye yale ambayo Mola ameyaotesha huku, naye akifanya hivyo atagundua kuwa hakudhulumiwa hata kidogo. Tunguu la huku lina usingizi wake pia, ila usingizi wake ni wa kiangazi badala ya barafu. Kuanzia Desemba hata Februari hukaa kimya ndani ya udongo mkavu likisubiri harufu ya mvua, kama vile lile la Ulaya linavyosubiri kuyeyuka kwa theluji.

Tena ni ndugu. Galanthus na Scadoxus ni wa ukoo mmoja, ukoo wa Amaryllidaceae, ambao wana wake wametawanyika kutoka rasi ya kusini ya Afrika hata misitu ya Ulaya, na undugu wao haumo katika umbo la ua peke yake bali umo hata katika sumu iliyomo ndani ya tunguu. Wataalamu wa Urusi na Bulgaria, miaka ya 1950, walitoa katika maua ya ukoo huu dawa iitwayo galantamini, ambayo hivi leo hupewa wagonjwa wa usahaulifu wa uzeeni. Na yako makali mengine, kama likorini, ambayo humo humo katika ukoo huwatapisha watu na wanyama. Wazee waliokataza watoto wasiyachezee matunguu ya porini walikuwa na elimu sahihi, na mwenye kuyapanda nyumbani lazima aishike elimu hiyo: kitalu kiwe mbali na mbuzi, mbali na vitunguu vya kupikia, na mikono ioshwe baada ya kazi.

Ndugu mwingine ni Crinum, na huyu ana habari inayotuunganisha na pwani. Jinsi moja yake, yenye maua meupe yaliyopitiwa na mfuo mwekundu katikati ya kila petali, huitwa Crinum kirkii kwa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza katika Unguja zama za Sultani Barghash, ambaye pamoja na shughuli zake za siasa alikuwa tabibu na mwanabotania, akawa na bustani yake Mbweni, na akapeleka matunguu na mbegu nyingi katika bustani ya Kew karibu na London. Ua ambalo Mmasai au Mkamba alilipita kila mwaka akienda kuchunga lilisafiri baharini, likachanua ndani ya nyumba ya vioo, likachorwa, likapewa jina la balozi, kisha likarudi kwetu katika vitabu kana kwamba limezaliwa huko. Sina ugomvi na Kirk, ambaye alilipenda ua lile na kulihifadhi. Uchungu wangu ni kwamba watu waliolijua kabla yake hawakuulizwa, na kile walichokijua juu yake hakikuandikwa pamoja na jina.

Jinsi ya Crinum ninayoishughulikia zaidi ni macowanii, ambayo ni nyeupe pia, yenye harufu nzuri wakati wa jioni ambapo nondo wakubwa huijia. Mbegu zake ni kitu cha kustaajabisha: ni nene, laini, zenye maji, ukubwa wake kama zabibu na pengine zaidi, wala hazingoji udongo, ukiziacha juu ya rafu zitatoa mzizi zenyewe, kwa maana zimebeba unyevu wao wa safari. Mtu aliyezoea mahindi, ambayo huwekwa ghalani makavu hata mwaka mwingine, huona ugumu kuamini kwamba mbegu nyingine hufa kwa kukaushwa. Wengi wamezianika juani kwa nia njema, wakaziua.

Sasa niseme habari ya Gladiolus dalenii, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ua hili lilikuwa la mbuga za nyasi, nalo hupatikana kutoka Afrika ya Kusini hata Uhabeshi na kuvuka bahari hata magharibi ya Arabuni. Hupanda bua refu, pengine kimo cha mtoto wa shule, na juu yake hupanga maua yenye umbo la kofia iliyoinama mbele. Lakini rangi zake hazina mwisho. Katika nchi iliyo kati ya mto Nzoia na miteremko ya Elgon mtu aweza kuliona la rangi ya chungwa lenye koo la manjano, na mahali pengine likawa la manjano tupu, na pengine likawa na vinyunyizo vya hudhurungi juu ya kijani kilichofifia, rangi ambayo mpita njia huiona mbaya na ambayo mimi naiona kuwa nzuri kuliko zote, kwa sababu haijitangazi na humlazimisha mtazamaji asogee. Lau watu wa Ulaya wangalikuwa na ua moja lenye hitilafu hizi kandokando ya barabara zao, wangalikuwa wamekwisha kuandika majuzuu.

Na kwa hakika walikwisha kulichukua. Gladiola zote kubwa zinazouzwa katika maduka ya maua ya Nairobi, zile zinazopambwa katika harusi na mazishi, zina damu ya dalenii. Mwaka 1841 Louis Van Houtte, mwuza mimea wa mji wa Ghent, Ubelgiji, alianza kuuza chotara mpya ambaye mmoja wa wazazi wake ni ua hili la Afrika, na kutokana na chotara huyo na wenziwe yakazaliwa maelfu ya aina za bustani. Basi mama wa harusi anayenunua gladiola nyekundu Kitale ananunua mjukuu aliyerudi kutoka ughaibuni, hali bibi wa mjukuu yule angali amesimama peke yake katika mtaro wa barabara ya Misikhu, akingoja fyekeo la serikali ya kaunti.

Amebaki mtaroni kwa sababu mbuga imekwisha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ya Trans-Nzoia iligawanywa kwa walowezi, reli ikafika Kitale mwaka 1926, na nyasi zilizokuwa zimefika kifuani mwa ng'ombe zikageuzwa kuwa ngano na mahindi. Kisha, baada ya uhuru, mashamba makubwa yakakatwa vipande, na kila kipande, kwa haki ya mwenye watoto wa kulisha, kikalimwa hata ukingoni. Simlaumu mkulima. Gunia la mahindi ni karo ya shule, na tunguu la gladiola halijapata kulipa karo ya mtoto yeyote huku. Lakini aina zile za rangi zilizokuwa mbugani haziwezi kuhamia mjini kama watu. Zinakaa pale zilipo hata trekta lizifikie. Kilichosalia kimesalia katika mahali pa ukaidi: majabali ya Chetambe juu ya Webuye, ambako Babukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895, vilima vya Sang'alo, makaburi, viwanja vya makanisa ya zamani, njia ya reli, kingo za vinamasi. Mahali ambapo jembe hugonga jiwe ndipo tunguu hupumua.

Ajabu ni kwamba mji wa Kitale, ambao mashamba yake yamezila nyasi, umejengwa juu ya kazi ya wakusanyaji. Michael Harrison alianza kazi ya kuzalisha mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1955, na mwaka uliofuata ikaanzishwa hapa kampuni ya mbegu ambayo leo kila mkulima wa Kenya anaijua kwa jina la Kenya Seed. Mahindi bora yaliyokuwapo hayakutosha, ikabidi kutafutwa damu ya mbali, ikaletwa mikusanyo ya mahindi ya milima ya Amerika ya Kusini. Na mmoja katika mikusanyo hiyo, ulioandikwa kwa jina na nambari tu, Ecuador 573, ulipochanganywa na mahindi ya Kitale ukazaa chotara H611 aliyetolewa kwa wakulima mwaka 1964. Fikiri: mtu fulani katika nchi ya Ecuador, mkulima asiyejulikana, alikuwa ametunza mbegu yake kizazi baada ya kizazi, mwingine akaiokota na kuiandika, na watu wa Bungoma, ambao hawatajua kamwe jina la kijiji chake, wakapata ugali.

Katika kituo hicho hicho, kuanzia miaka ya 1950, A. V. Bogdan na wenzake walifanya jambo ambalo kwa mtazamaji wa kawaida lingeonekana kuwa la upuuzi: walikusanya nyasi. Walizileta nyasi za porini kutoka pembe zote za Afrika Mashariki, wakazipanda kwa vitalu, kila moja kwa asili yake, wakazitazama mwaka baada ya mwaka ipi huwahi, ipi huchelewa, ipi hustahimili kukanyagwa. Ndipo zikapatikana nyasi za malisho zinazobeba hata leo majina ya mahali zilikotoka au zinakofaa: Nandi, Pokot, Mbarara, Masaba. Setaria ya Nandi ilisafiri hata Australia ikawalisha ng'ombe wa huko. Na iwapo nyasi, ambazo hata mshairi huzitaja kwa ujumla, ziliweza kuonwa moja moja kwa uangalifu kama huo na katika mji huu huu, basi maua ya matunguu yana hoja gani ya kukosa haki hiyo?

Mkusanyaji mwingine alikuwa Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya vipepeo, wanyama na vitabu, akafungua jumba lake mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 akawa ameusia mali hiyo kwa taifa la Kenya. Hiyo ndiyo asili ya Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa katika jengo jipya mwaka 1974 yakawa ya kwanza nchini kwa upande wa bara. Na Bi Marjorie Tweedie, aliyeishi pande hizi za Elgon, alikausha na kuchora mimea kwa miaka mingi, hata aina moja ya mshubiri ikaitwa Aloe tweediae. Mimea ya wakusanyaji wa namna yake ndiyo iliyojaza makabati ya hazina ya mimea mikavu pale Nairobi, na ndiyo iliyowawezesha wataalamu kukamilisha mwaka 2012 kazi ya kuielezea mimea ya Afrika Mashariki ambayo vitabu vyake vilianza kutoka mwaka 1952. Nawashukuru wote hawa. Hata hivyo ua lililokaushwa haliwezi kuzaa, na kipepeo aliyechomwa sindano hatagi. Kwa hiyo baada ya kazi yao imebaki kazi ya pili, iliyo nyenyekevu zaidi, ambayo haihitaji cheo wala shahada: kuyaweka maua hayo yakiwa hai.

Kazi hiyo huanza kwa daftari kabla ya jembe. Tunguu lisilojulikana lilikotoka ni yatima, hata likichanua vizuri namna gani, kwa kuwa thamani ya aina ni nasaba yake. Nikipanda gladiola ya manjano ya kilima fulani karibu na ile ya chungwa ya mto fulani, nami sikuandika ipi ni ipi, nyuki watazichanganya, na baada ya vizazi viwili nitakuwa na maua mengi yasiyo shahidi wa mahali popote. Ndiyo maana kila kitalu changu kina kipande cha bati kilichochorwa kwa msumari, kwa sababu wino hufutwa na jua la Kitale na mbao huliwa na mchwa: jina la kilima au mto, mwezi, mwaka, udongo ulikuwaje, na nani aliniruhusu.

Hilo la ruhusa lina uzito wake. Katika hifadhi ya Mlima Elgon, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968, kung'oa mmea ni kosa la sheria, na hata pasingekuwa na sheria lingekuwa kosa la adabu, maana kule juu maua yana nyumba yao na hayakuomba msaada wetu. Biashara ya Galanthus imekwisha kutoa funzo: matunguu ya porini yalichimbwa Uturuki kwa wingi mno miaka ya nyuma, hata mataifa yakalazimika kuliweka ua lile chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini. Mapenzi yasiyo na mpaka huweza kuangamiza kinachopendwa. Kanuni ninayoifuata ni nyepesi: porini nachukua mbegu chache, na tunguu silichukui, mahali panapokwenda kulimwa au kujengwa nachukua tunguu kwa idhini ya mwenye ardhi, na palipo na mmea mmoja tu, naurudia mwaka wa pili nione kama umezaa.

Karibu na Chwele nilimkuta bibi mmoja mwenye Crinum iliyostawi kwenye mpaka wa shamba lake, majani yake mapana yametanda juu ya jiwe. Nilimwamkia kwa heshima inayompasa, nikasema, "Kukhu, naomba kitoto kimoja tu cha ua hili." Akaliangalia ua, akaniangalia mimi. "Mwanangu, hili nililikuta hapa nilipoolewa. Mzee wangu alilima miaka yote akilizunguka, hakuligusa." Nikamwuliza lilikuwa na kazi gani. Akasema halikuwa na kazi, ila likichanua walijua kwamba mvua imefika kweli, si ile ya kudanganya, na ndipo walipopanda. Kisha akaingia ndani, akatoka na panga, akachimba yeye mwenyewe ubavuni kwa uangalifu wa mkunga. "Chukua mtoto. Mama yake mwache hapa." Maneno yake yote yamo daftarini, na nayahesabu kuwa sehemu ya ua lile kama lilivyo tunguu lenyewe, kwa kuwa mtu akiuliza siku moja aina hii ina sifa gani, jibu la kwanza litakuwa kwamba ilikuwa ikiwaamulia watu siku ya kupanda.

Ufundi wa kuyakuza si mgumu, bali unataka subira na mkono mzito wa kujizuia. Udongo mwekundu wa Kitale ni mwema lakini hushika maji, basi tuta liinuliwe na kuchanganywa na changarawe ya mtoni. Kiangazi kikiingia na majani yakianza kuwa manjano, maji yakome kabisa; huruma ya kumwagilia tunguu lililolala ndiyo inayoliozesha. Gladiola huzaa tunguu jipya juu ya lile la zamani kila mwaka, na lile la zamani hunyauka likawa kama kibandiko cha chini, kwa hiyo mwenye kulichimbua asishtuke akidhani mgonjwa. Watoto wadogo walio pembeni wapandwe kitalu chao. Scadoxus huzaa tunda jekundu: likiiva limenywe, nyama yake ioshwe, na mbegu ibanwe juu ya udongo wenye kivuli bila ya kuzikwa. Itatoa mzizi, itaunda tunguu dogo kuliko punje ya kunde, na baada ya hapo mkulima atangoja miaka 3 au 4, pengine zaidi, kabla ya kuona ua la kwanza. Katika muda huo mahindi yatakuwa yamevunwa mara nyingi, na jirani atakuwa ameuliza mara nyingi ni mboga gani hiyo isiyoliwa.

Katika kungoja huko nimepata jambo ambalo sikulitafuta. Scadoxus za asili tofauti, zikipandwa tuta moja, chini ya mvua moja, hazichanui siku moja. Ile iliyotoka upande wa Bungoma, kwenye joto, hutangulia. Ile ya kutoka vilima vya Cherangany hufuata nyuma, na katikati yao zipo nyingine zenye utaratibu wao, na moja hutoa jani pamoja na ua hali wenziwe wote hutoa ua peke yake. Zimehama, lakini hazikusahau kwao. Mtu akiziona zote kwa pamoja huweza kusema kuwa ni ua moja jekundu lililopandwa mara nyingi; mimi nimekwisha kushindwa kusema hivyo, na ninapoulizwa nina maua ya namna ngapi hutaja vijiji.

Bustani ya mtu mmoja, hata hivyo, ni ghala lenye mlango mmoja. Fuko mmoja, mvua moja ya mawe, mauti ya mwenye bustani na urithi kugawanywa kwa warithi wanaotaka kupanda viazi, na nasaba yote imekatika. Stoneham aliliona hilo, akausia. Nami ningependa kuona siku moja, katika uwanja wa Makumbusho ya Kitale, tuta la matunguu ya Trans-Nzoia na Bungoma, kila moja na mahali pake limeandikwa, ili mtoto wa shule aliyekuja kutazama nyoka na vipepeo apite pia penye maua ya kijiji chake. Hadi siku hiyo, kila aina inayozaa watoto wa kutosha naigawa: Crinum ziko Kamukuywa na Kimilili, kwa watu waliokubali kuandika, Scadoxus ziko katika viwanja vya shule mbili, chini ya miti ambako wanafunzi hawachezi mpira. Ni gladiola ya hudhurungi ya mtaro wa Misikhu peke yake ambayo ilikuwa bado haijapata mwenzi nje ya bustani yangu. Mwaka huu imetoa mbegu, nyepesi, zenye mabawa, na nusu yake nimekwisha kuipanda Kitale, nusu nimeipeleka Chwele kwa Kukhu yule, ambaye amechagua mwenyewe mahali, upande wa pili wa jiwe.